Fundi anayefuta jina la baba yake msalabani

Jua bado halijavuka mabati ya Nyakato, mjini Musoma, na Leonardi Ngolo ameshainama juu ya benchi lake anapiga randa. Maranda yanajikunja na kumwangukia miguuni. Kuku wa jirani anayachakura, haoni kitu, anaondoka, kisha anarudi kujaribu tena.

Mama mmoja aliyeleta stuli iliyovunjika mguu anasimama kumtazama. Mbele ya fundi kuna msalaba wa mninga uliokwisha kazi zamani. Umepigwa vanishi, na katikati zimechongwa herufi kwa patasi: NGOLO. Fundi anazifuta herufi hizo. N imekwisha. G imebaki nusu.

"Fundi, umekosea jina la marehemu wa watu?" mama anauliza.

"Si wa watu," anajibu bila kuinua kichwa. "Wa kwangu."

Ngolo ni baba yake mzazi. Msalaba huo Leonardi aliuchonga mwenyewe kwa ajili ya kaburi lililoko kwenye mahame yao, upande wa Butiama. Mwaka huu wa 1992 ndio alikuwa amepanga kulijengea kwa saruji na kuusimika. Sasa ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na amegundua kwamba kaburi alilolisafisha na kulisalimia kwa miaka saba si la baba yake.

Wa kwanza kumwambia hivyo ni mashine iliyoko ng'ambo, isiyomjua wala kumsikia. Aliyemthibitishia ni mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Leonardi si mgeni kwa watu wa Nyakato. Wanasema ukitaka kitanda kisichotoa siri zako kwa majirani, nenda kwa Ngolo. Ufundi alifundishwa miaka ya hamsini na marehemu fundi Omari, seremala wa mjini ambaye hakuna aliyejua kwa hakika kama asili yake ni Tabora, Ujiji au Pwani. Akiulizwa, Omari alikuwa akijibu kwamba ametoka kazini.

Fundi huyu ameona mengi. Miaka ile dukani hakukuwa na kitu, misumari ilipotea sambamba na sabuni na khanga. Leonardi alikuwa akishuka ziwani, mwalo wa Mwigobero, kuokota misumari ya masanduku yaliyovunjika, anakuja kuinyoosha juu ya jiwe.

"Nilikuwaga na kopo la misumari mizee," anasema. "Msumari unatoka kwenye kitanda unaingia kwenye meza, kutoka kwenye meza unaingia kwenye jeneza, na hapo ndiyo unapumzika."

Mama yake mzazi, Nyamburi, alifariki mwaka 1979, katikati ya dhiki hiyo. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya chai. Sanda ilikuwa shuka la jirani. Jeneza Leonardi aliligongomea mwenyewe, na anakiri kwamba aligongomea akiwa na kinyongo na marehemu. Habari ya kinyongo hicho itafika mahali pake.

Leo biashara ni ruksa na misumari imejaa kila duka. Lakini vitanda vya chuma navyo vimeingia kutoka Mwanza, na vijana wanaooa wanataka vya chuma.

"Zamani nilikuwa na wateja, misumari hakuna," anasema fundi. "Sasa misumari ninayo."

Ili msomaji aelewe kilichompata, inabidi kwanza aelewe kigingi.

Katika ukoo wa Leonardi, mtu akizikwa hupigiwa kigingi kibichi cha mkuyu upande wa kichwani, kilichokatwa kwenye boma la nyumbani kwake. Kikichipua, watu hushukuru na kusema marehemu amepokelewa. Baada ya miaka, kigingi kinakuwa mti, na mti ndio kaburi lenyewe. Hakuna anayehitaji kuandika kitu.

Lakini kigingi ni haki ya mtu mwenye jina. Mtoto mchanga akifa kabla hajapewa jina, huzikwa kimya kimya nyuma ya ghala, hapigiwi kigingi, na hazungumzwi tena. Wazee wao waliamini kwamba akitajwa tajwa atarudi kuwachukua wadogo zake.

Desturi ya tatu ndiyo iliyomponza Leonardi. Baba akifa, kaburi lake hutunzwa na mjane. Mtoto wa kiume hasogei upande ule maadamu mama yake yu hai. Akisogea, anaonekana kama anayemharakisha mama naye aingie.

Ngolo alifariki mwaka 1946. Leonardi alikuwa na miaka saba, na mwaka huo haukosei kwa sababu askari wa kwanza wa kijiji kurudi kutoka vita vya pili vya dunia, kule Bama, alifika akawakuta kwenye matanga. Leonardi alikiona kigingi kikipigwa nyuma ya ghala. Tangu siku ile hakupakaribia tena. Alikua, akaenda mjini kujifunza useremala, akaoa, akaendelea kupatazama kwa mbali kama alivyofundishwa.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Familia ikahamishwa kwenda kijiji kipya, nyumba zikabomolewa, ghala likaoza. Mama Nyamburi alifia na kuzikwa huko kijiji kipya, mbali na mumewe. Ni mwaka 1985, watu walipoanza kurudi kwenye mahame yao bila kuulizwa na mtu, ndipo Leonardi alipompakia mkewe Jenoveva kwenye keria ya baiskeli, wakasafiri kutwa nzima kutoka Musoma kwenda kumtafuta Ngolo.

Walikuta vichaka, jiwe la kusagia lililopasuka, na mkuyu mmoja mkubwa umesimama peke yake.

"Nilisema, nimempata mzee," anakumbuka. "Niliukumbatia ule mti kama mwendawazimu. Nikamwambia, Baba, shikamoo. Nilifurahi, mwandishi. Mimi nilikuwa yatima toka mdogo, siku ile nilijisikia mtu mwenye baba."

Tangu hapo walikwenda kila mwaka baada ya mavuno. Leonardi alifyeka, akasalimia, akampa mzee habari za mjini. Jenoveva alipiga magoti akalia. Alilia kila mwaka, wala machozi yake hayakuwa ya adabu tu.

Leonardi alikuwa akimtania njiani wakati wa kurudi. Jenoveva aliolewa mwaka 1960. Ngolo hakumwona hata kwa sura.

"Nilikuwa namwambia, wewe mwanamke, unamliliaga mkwe ambaye hata kukutolea mahari hakuwepo. Anacheka kidogo tu. Na kitu kingine, nikiegesha baiskeli pale wazi, mbele ya mti, anaitoa. Kila mwaka anaitoa. Nilisema basi ni mambo ya wanawake, wanapenda kila kitu kikae wanapotaka."

Mwaka 1990 akatokea Alawi.

Alawi ni mtafiti kijana wa chuo kikuu, mtoto wa mfanyabiashara wa hapa hapa Musoma. Wenzake huchimbua vitu vya kale, mifupa, mkaa wa meko za zamani, na kuvipeleka maabara ya ng'ambo kupimwa umri. Maabara huwarudishia miaka. Swali lililomleta nyumbani lilikuwa jepesi: nani anaipima maabara?

Njia waliyoitumia ni ile ya mwalimu anayempa mwanafunzi hesabu ambayo jibu lake analo mfukoni. Walitafuta vitu ambavyo umri wake unajulikana bila shaka, wakavipeleka bila kutaja umri, wakasubiri kuona kama mashine itapatia.

Alawi alipata kipande cha kizingiti cha duka la zamani mjini, chenye mwaka uliochongwa. Kibara, wilayani Bunda, alipata ubao wa mtumbwi kutoka kwa mzee aliyeuunda ujana wake na bado yu hai. Alipata na vingine. Kilichokosekana ni mti ulio hai ambao watu wanajua ulipandwa lini, kwa sababu mkuyu wa ukanda huu hauna miviringo ya kila mwaka ya kuhesabika. Ukiupasua, haukwambii kitu.

Alipita karakana ya Leonardi kuuliza. Fundi akaweka randa chini.

"Nikamwambia, kijana wangu, huo mti ninao mimi. Tena ni baba yangu."

Walikwenda watatu, Leonardi, Jenoveva na mtafiti. Alawi alikuwa na keekee ndefu yenye tundu ndani, inayoingia mpaka moyo wa mti na kutoka na kijiti chembamba kama penseli. Leonardi alimwandaa mzee kwanza. Alimwambia kwamba kijana huyu atamchoma kidogo, avumilie kama sindano ya hospitali.

Jenoveva aliuliza, "Itamuumiza?"

Wanaume wakacheka. Alipomaliza Alawi, mama huyo alichukua udongo wa kichuguu, akaulowesha mate, akaziba tundu taratibu kwa kidole.

Leonardi alirudi Nyakato akiwa na majivuno ambayo majirani bado wanamcheka nayo. Kila mteja alisimuliwa. Yeye hata Dar es Salaam hajafika, lakini baba yake kapanda ndege. Ni wakati huo alipouchonga msalaba wa mninga, mbao bora kuliko zote alizokuwa nazo.

Majibu yalifika Mei mwaka huu. Alawi hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, na Leonardi anasema alijua mapema kuna jambo kwa jinsi kijana alivyoikataa stuli na kubaki amesimama.

Mashine ilikuwa imepatia kizingiti. Ilipatia mtumbwi. Ilipatia vyote, ikakataa kimoja. Kijiti cha mkuyu wa Ngolo, pamoja na sehemu yake ya moyoni kabisa, kilikuwa cha miaka ya karibu na Uhuru. Hakikuwa cha 1946 hata kidogo.

Mtafiti alijitahidi kueleza. Kila chenye uhai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo hupungua polepole mno baada ya kufa, ndiyo saa wanayoisoma. Lakini miaka ya hamsini na kuingia sitini mataifa makubwa yalilipua mabomu ya majaribio, na hewa ya dunia nzima ikaongezeka kaboni ya aina hiyo. Mti wowote ulioota baada ya hapo umeibeba. Mti wa mwaka 1946 ungekuwa nayo kwenye maganda na nje nje, moyoni usingekuwa nayo. Huu ulikuwa nayo mpaka moyoni.

"Nilimuuliza kwa upole kama labda mti wa kwanza ulikufa ukapandwa mwingine," Alawi anasema. "Kazini kwetu tulikuwa tunataka kujua jambo moja tu, nani amekosea, maabara au kumbukumbu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ningefikiri, ningekuja na mtu mzima."

Leonardi alipandwa na hasira.

"Nilimwambia, bwana mdogo, mashine yenu haikuwepo kwenye mazishi. Mimi nilikuwepo. Unanifundisha baba yangu amelala wapi?"

Jenoveva alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Alilitua juu ya benchi, katikati ya maranda. Hakuketi.

"Mashine inasema kweli, Baba Dorkas," alisema. "Ule si mti wa mzee."

Jenoveva ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono iliyokakamaa kwa jembe. Kuongea na mwandishi alikubali kwa sharti kwamba mumewe awepo. Alizungumza akiwa anachambua dagaa kwenye ungo, na mara nyingi alikuwa akiuambia ungo kuliko alivyotuambia sisi.

Mwaka 1961 ulikuwa wa njaa. Ukame ulikausha mkuyu wa Ngolo, mchwa wakaumaliza, ukaanguka, na kuni zake zikapikiwa kilichokuwepo. Mwisho wa mwaka zikaja mvua ambazo watu wa Mara hawajazisahau, mvua za kung'oa madaraja na kukata barabara. Jenoveva alikuwa kijijini kwa mama mkwe, Leonardi alikuwa Kibara na fundi Omari wanaezeka majengo. Barabara ilikatika, akakwama huko miezi.

Jenoveva alijifungua mwanzoni mwa 1962, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike.

"Alikuwa mdogo, lakini alinyonya," anasema. "Aliishi wiki na kidogo. Alikuwa anatazama. Mtu akikwambia mtoto wa wiki hatazami, usimkubali. Yule alikuwa ananitazama mimi."

Alikufa asubuhi mvua ikinyesha. Hakuna mwanamume nyumbani. Padri asingeweza kupita. Kwa desturi, mtoto hakuwa na jina, kwa hiyo angefukiwa nyuma ya ghala na kusahaulika.

Mama mkwe, Nyamburi, alikaa na maiti ya mjukuu mapajani kwa muda. Kisha akasema mtoto huyu hataondoka kama kitu kilichotupwa. Akampa jina lake mwenyewe. Akamnong'oneza sikioni: wewe ni Nyamburi. Akachimba shimo nyuma ya ghala, hatua chache kutoka pale alipolala Ngolo. Akakata kigingi cha mkuyu kutoka kwenye boma la nyumbani na kukipiga kwa jiwe kwa mikono yake, kazi ambayo katika ukoo ule haifanywi na mwanamke.

"Nilimwambia, mama, watu watasema. Akanijibu, nani atasema, mvua? Kisha akaniapisha. Akasema mwanangu akijua mtoto wake amezikwa na mwanamke, baba hayupo, atajilaumu maisha yake yote. Tumwambie mimba iliharibika. Basi tukamwambia hivyo."

Leonardi alirudi barabara ilipofunguka. Aliambiwa, akaomboleza kama wanaume wanavyoomboleza mimba, siku mbili tatu, akarudi kazini. Kigingi kilichipua na masika yale yale. Kwa mbali, kwa macho ya mtu asiyeruhusiwa kusogea, anayekuja mara chache kutoka mjini, ulikuwa mkuyu ule ule nyuma ya ghala.

Mwandishi alimuuliza Jenoveva kwa nini hakusema baadaye.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Wa pili nikawa na mimba ya Dorkas, nikaogopa. Wakazaliwa wengine, nikaona nimechelewa. Mama alipokufa nikasema sasa nitasema. Halafu tukaenda mahame." Alitoa kijiwe kwenye ungo. "Alisema, nimempata mzee. Ulimwona mtu amefurahi vile? Ningemnyang'anya vipi?"

Kwa hiyo alipiga magoti kila mwaka, mumewe akifikiri anamlilia mkwe. Na kila mwaka aliitoa baiskeli, kwa sababu pale wazi mbele ya mti, ambapo Leonardi alipenda kuiegesha na kutandika chakula chao cha mchana, ndipo alipolala Ngolo.

"Kila mtu hapa Nyakato ananiita Mama Dorkas," alisema. "Naitikaga. Lakini Dorkas ni wa pili."

Mumewe alikuwa anatazama nje.

Wiki ile ya Mei Leonardi hakuingia chumbani. Alilala karakanani juu ya maranda. Mchana alishuka Mwigobero, akawa anakaa kwenye magogo ya watu wanaopakua samaki, bila kununua wala kuuza. Wachuuzi wa dagaa walidhani amefiwa. Walipomuuliza nani, alishindwa kujibu, na tunaweza kumwelewa, maana alikuwa amefiwa na mtu aliyekufa miaka thelathini iliyopita, na papo hapo amempoteza baba aliyempoteza zamani.

Anasema hasira ilikuwepo, ila haikupata pa kukaa. Mama amekufa. Omari aliyempeleka Kibara amekufa. Mvua ni mvua. Akabaki mke wake, na kila alipomfikiria alimwona amepiga magoti pale chini ya mti, mwaka baada ya mwaka, huku yeye akifanya utani.

"Nilikuwa namcheka," anasema. "Mtu anamlilia mtoto wake, mimi nacheka. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko kitu chochote."

Kisha kuna kinyongo. Dorkas alipozaliwa mwaka 1964, Leonardi alitaka aitwe Nyamburi, jina la bibi yake, kama inavyostahili. Mama yake alikataa. Alisema tu, mtafutie jina lingine. Alipozaliwa binti wa pili, akakataa tena. Leonardi alihesabu kwamba mama anamdharau mkewe, au anaona watoto wa mjini hawafai kubeba jina lake. Tangu hapo alimheshimu mama kwa mdomo, moyoni akampunguzia.

Leo anajua. Katika nyumba moja jina la bibi huingia mara moja tu. Lilikuwa limeshaingia.

"Alimpa yule mtoto kitu cha mwisho alichokuwa nacho," anasema fundi, na hapa anachukua randa anaitazama makali bila sababu. "Mimi nimemzika na kinyongo. Nimempigilia misumari mizee, na kinyongo. Sasa nitamwomba msamaha wapi?"

Siku ya mwisho ya wiki ile alirudi nyumbani mchana. Jenoveva alikuwa anapepeta. Leonardi alisimama mlangoni, akamuuliza swali moja. Alimuuliza mtoto alifanana na nani.

"Nikamwambia masikio yako," anasema Jenoveva. "Makubwa hivi hivi."

Alawi alipata taarifa kamili baadaye, na mwaka wa 1962 ukaingia mahali pake. Mkuyu nao ulikubaliana na mashine, kama kizingiti na kama mtumbwi. Umri kamili wa mti ule ulikuwa unajulikana tangu mwanzo, ila mwenye kuujua hakuulizwa.

"Kwa upande wa kazi ni habari njema, maabara imepata vyote," mtafiti huyo anasema. "Wenzangu wamefurahi. Mimi nilikwenda kwa Mzee Leonardi kumwomba radhi, akaniambia nikae nile. Sikujua niombe radhi kwa kosa gani."

Karakanani jua limeshapanda. Mama wa stuli ameondoka, mguu wa stuli umetengenezwa. Leonardi amemaliza kufuta. Mninga uko mtupu, mwekundu, laini kwa kiganja.

Hautaharibika, anasema. Pembeni ameegemeza msalaba wa pili, wa mbao hiyo hiyo, mdogo kidogo. Mpango wake ni kwenda Butiama na yote miwili kabla ya mvua za vuli, na mfuko mmoja wa saruji ugawanywe makaburi mawili, hata kama yatakuwa membamba. Ule mdogo ni wa Ngolo, utasimama pale pa baiskeli. Mninga mkubwa aliouchonga kwa majivuno ataupeleka chini ya mkuyu. Alikuwa amewaza kufanya kinyume, akaona hapana. Baba alikwisha pata mti mmoja na matanga kamili. Mtoto hakupata kitu kutoka kwa baba yake.

Jenoveva anatoka jikoni akijifuta mikono. Alijifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, na leo ameombwa kazi. Leonardi anampa penseli yake ya useremala. Mama huyo anainama juu ya mninga na kuandika polepole, herufi moja kubwa kisha nyingine, jina ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote. Anafika R, anapumzika, anaendelea. Fundi anasubiri na patasi mkononi. Hamharakishi.

Tukamuuliza siku watakapofika atasema nini. Kwa miaka saba alikuwa akifika chini ya mkuyu ule na salamu moja, Baba, shikamoo.

Leonardi anatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na tabasamu hilo halidumu.

"Hebu fikiria, mtoto wa wiki moja, mimi mtu mzima nampigia shikamoo. Na yeye labda miaka yote hiyo alikuwa ananiamkia mimi, hakuna wa kumwitikia."

Anapima makali ya patasi kwa kidole gumba, anaiweka juu ya herufi ya kwanza.

"Nikifika," anasema, "nitasema marahaba."